Ukihama nyumba Marekani: nani aarifiwe, ndani ya siku ngapi, kwa fomu ipi (AR-11, EOIR-33, SEVIS, I-865)

Kalamu_Nyeusi

Wakuu salaam,

Kwenye nyuzi za DV (bahati nasibu ya viza) na za wakimbizi swali linajirudia: "Nimehama Houston, niko Columbus sasa, grinikadi yangu itanifikaje?" Anajibiwa aende posta akabadilishe anwani, uzi unafungwa. Posta ni nusu ya kazi, tena ile nusu isiyo na sheria nyuma yake. Hapa tuweke mambo yote ya anwani pamoja, kwa mwenye grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), mkimbizi, mwomba hifadhi, mwanafunzi, mtu wa H-1B (viza ya kazi) na mdhamini.

Jambo la kushika kabla ya yote: ofisi za Marekani haziambiani umehamia wapi. USCIS (idara ya uraia na uhamiaji) wana rekodi yao, mahakama ya uhamiaji ina yake, ICE (polisi wa uhamiaji) wana yao, chuo kina SEVIS (mfumo wa rekodi za wanafunzi wa kigeni), posta wana ya kwao. Ukimwarifu mmoja, wengine wanne bado wanakutafuta kwenye nyumba ya zamani.

Sheria mama ni kifungu cha 265 cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia. Mgeni anayetakiwa kuwa amesajiliwa akihama, anaiarifu serikali kwa maandishi ndani ya siku 10. Ni siku za kalenda, wikiendi imo. Kutoka apatimenti ya chini kwenda ya juu ndani ya jengo lile lile nako ni kuhama, maana namba ya mlango imebadilika. Kwenda nyumbani Moshi kwa miezi miwili na kurudi palepale si kuhama. Fomu inaitwa AR-11 na haina ada hata senti. Tovuti inayokuomba kadi ya benki ili "ikusaidie kujaza AR-11" si ya serikali. Ya serikali mwisho wake ni .gov.

Wasiohusika ni raia wa Marekani (hata aliyeapa jana), wenye viza za A, yaani wanadiplomasia, wenye viza za G wanaofanya kazi mashirika kama Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia, na wageni wanaoingia kwa mpango wa kutohitaji viza. Wengine wote tumo.

Adhabu ipo, ingawa ni nadra mtu kushtakiwa kwa hili peke yake. Kifungu cha 266 kinalifanya kuwa kosa dogo la jinai: faini, kifungo kisichozidi siku 30, au vyote viwili. Maandishi ya kifungu yanasema dola 200, lakini sheria ya jumla ya adhabu za shirikisho inaruhusu faini ya kosa la daraja hilo ifike dola 5,000, na ndiyo maana mnaona namba mbili tofauti zikizunguka mitandaoni. Kifungu cha 237 kinaongeza kwamba asiyearifu anaweza kuondolewa nchini, isipokuwa aonyeshe kwamba alikuwa na sababu ya maana au hakufanya kusudi. Hicho kipengele cha kusudi ndicho kinachofanya kuchelewa kusiwe sawa na kutoarifu kabisa.

Njia ya mtandaoni, hatua kwa hatua:

1. Fungua akaunti kwenye tovuti ya USCIS. Kila mtu na akaunti yake, kwa barua pepe yake. Usitumie barua pepe ya mtu aliyekujazia fomu zamani. Siku mkikosana ndiyo siku unapoteza mlango.
2. Andaa namba A, yaani namba ya faili lako la uhamiaji (kwenye grinikadi na kwenye kadi ya kazi imeandikwa USCIS#), anwani ya zamani kama ilivyo kwenye rekodi zao, anwani mpya, na namba za risiti za maombi yote ambayo hayajajibiwa. Namba ya risiti ina herufi 3 na tarakimu 10, mfano zinazoanza na IOE. Mwenye viza ya muda asiye na namba A anaendelea bila hiyo.
3. Ingia sehemu ya kubadilisha anwani. Anwani ya makazi na anwani ya barua ni vitu viwili. Ya makazi lazima iwe mahali unapolala, sanduku la posta halikubaliki. Ya barua inaweza kuwa tofauti.
4. Ongeza namba ZOTE za risiti. Hapa ndipo watu wanapoacha moja.
5. Ukimaliza, hifadhi ukurasa wa uthibitisho kama PDF, piga na skrinshoti yenye tarehe. Siku ukiulizwa, hiyo ndiyo itakayokutetea.

Mfumo huu wa kubadilisha vyote kwa mara moja ulianza Oktoba 2023. Ukiupitia, wajibu wa AR-11 umetimia na maombi yako yamesasishwa pamoja. Ushauri wowote wa kabla ya hapo (jaza AR-11, halafu piga simu, halafu andika barua kituo cha huduma) umepitwa na wakati.

Wajuzi wa mahakama na wa vyuo ongezeni, sehemu hizo nimeziacha makusudi.

---

BintiTanga

Shukrani mkuu. Swali: mtu ametuma AR-11 ya karatasi kwa posta, na ombi lake la I-485 (ombi la grinikadi kwa aliyeko ndani ya Marekani) bado liko mezani. Amemaliza?

---

Kalamu_Nyeusi

@BintiTanga kisheria kifungu cha 265 amekitimiza. Kiutendaji bado. Karatasi ya AR-11 inaingia kwenye rekodi ya jumla ya anwani, haigusi ombi lililoko mezani. Kwa hiyo barua ya alama za vidole inaweza kutumwa kule kule kwa zamani. Aingie kwenye akaunti abadilishe kwa namba ya risiti.

Na hiyo barua ya alama za vidole si ya kuchezea. Usipofika siku iliyopangwa na hujaomba tarehe nyingine, ombi linahesabika umelitelekeza na ada uliyolipa haikurudii.

Anayetumia karatasi kwa sababu zake atumie barua ya rejista yenye risiti ya kupokelewa. USCIS hawamjibu mtu wa karatasi kumwambia "tumepata".

---

Faili_la_Bluu

Niongezee la posta, kwa sababu wengi kadi zinawapotea hata wakiwa wameshajaza AR-11 vizuri.

Kwanza, kuhamisha barua kwa USPS (posta ya Marekani) hakuihamishi bahasha ya USCIS kwa uhakika. Bahasha zenye kadi mara nyingi zina maelekezo kwamba mpokeaji asipopatikana zirudishwe kwa mtumaji. Hazifuati mtu. Usiache kuhamisha barua posta, ila usiitegemee kwa kadi.

Pili, jina kwenye sanduku la barua. Kwenye apatimenti za Dallas, Minneapolis na kwingineko mkataba wa pango una jina la mtu mmoja na ndani wanaishi watano. Mbeba barua anaona jina asilolijua, anaandika hajulikani, bahasha inarudi. Bandika majina yote ya ukoo ndani ya mlango wa sanduku, na umwambie mbeba barua. Ukiishi kwa mtu, kwenye fomu kuna nafasi ya kuandika "kwa uangalizi wa" fulani: jaza jina la mwenye sanduku hapo. Hapo ndipo c/o inapokaa, usiichanganye na mstari wa mtaa.

Tatu, namba ya apatimenti ina kisanduku chake kwenye fomu. Ukiiandika kwenye mstari mmoja na mtaa, mfumo unaweza kuikata. Jengo la milango 200 bila namba ya mlango ni sawa na kutoandika anwani. Pima anwani yako kwanza kwenye kitafutio cha zipukodi cha USPS, kisha iandike vile vile wanavyoiandika wao, kama ni Apt, Unit au #.

Nne, jiandikishe Informed Delivery ya USPS. Ni bure, inakutumia picha za bahasha zinazokuja siku hiyo. Ukiona picha ya bahasha na bahasha yenyewe haimo kwenye sanduku, unajua siku hiyo hiyo pa kuuliza.

Kadi ikirudi USCIS haikai milele. Tangu Aprili 2018 utaratibu wao ni kuiharibu baada ya siku 60 za kazi kama mwenyewe hajajitokeza kutoa anwani sahihi. Baada ya hapo unaomba grinikadi nyingine kwa fomu I-90, ambayo kwa ada zilizoanza Aprili 2024 ni dola 415 mtandaoni na 465 kwa karatasi.

---

dereva_tairi18

Wakuu, sisi wa malori tunalala Ohio leo, kesho Nebraska. Na wengine wametumia anwani ya kampuni. Hiyo imekaaje?

---

Kalamu_Nyeusi

Mkuu, kulala kwenye lori njiani si kuhama. Makazi ni pale unaporudi: chumba ulichopanga, au kwa ndugu unakoweka vitu vyako. Hiyo ndiyo anwani ya makazi. Ya barua unaweza kuweka ya mtu unayemwamini ambaye yuko nyumbani kila wiki.

Ofisi ya kampuni kama makazi ni vibaya. Ikija siku ya uraia, fomu ya N-400 inataka anwani ulizoishi miaka 5 iliyopita (3 kwa anayeomba kupitia ndoa na raia), na ofisa ana kodi zako, leseni yako na rekodi za AR-11 mbele yake. Lazima vifanane. Tena N-400 inataka uwe umeishi ndani ya jimbo au wilaya ya USCIS unakoombea kwa angalau miezi 3 kabla ya kuomba. Anwani ya kupeperuka inaleta maswali hapo.

---

Nyarugusu_Louisville

Kaka, kwa sisi wakimbizi tulioletwa na shirika: shirika lilitupangia nyumba, likatuandikia kila kitu. Familia ikihamia jimbo lingine kwa ndugu, shirika halipeleki anwani mpya serikalini?

---

Karani_wa_Jioni

Hapana ndugu. Kuarifu ni wajibu wa mgeni mwenyewe. Shirika lina mkataba wake wa huduma za miezi ya mwanzo, na ukihama jimbo huduma hizo mara nyingi zinaishia kule ulikotoka. USCIS hawajui chochote hadi uwaambie.

Kwa familia ya Kikongo ya watu wanane hiyo ni AR-11 nane. Kila mtu ana namba A yake, na anwani ya baba haiburuti za wengine. Kwa mtoto chini ya miaka 14 mzazi ndiye mwenye wajibu, lakini mtoto bado ana fomu yake. Na mtoto akitimiza miaka 14, ndani ya siku 30 anatakiwa kusajiliwa upya na kuchukuliwa alama za vidole. Mwenye grinikadi anafanya hivyo kwa I-90. Wengi hili hawaambiwi na mtu.

Angalieni pia majira. Mkimbizi anaomba grinikadi baada ya mwaka 1 nchini, na huo ndio wakati ambao familia nyingi zinahama kufuata kazi za viwanda vya nyama na maghala. Maombi yanatumwa kwa anwani ya Kentucky, watu wako Iowa. Kama mnajua mtahama ndani ya wiki mbili, kamilisheni kuhama kwanza, ombi liende na anwani mpya. Kama ombi limeshatumwa, badilisheni wiki ile ile mnapopata funguo.

Majina pia. Kwenye karatasi za Wakongo mpangilio wa majina unatofautiana kati ya mtoto na mtoto. Kwenye AR-11 andika jina kama lilivyo kwenye kadi au I-94 (rekodi ya kuingia nchini), hata kama limekosewa herufi. Kurekebisha jina ni safari nyingine kabisa, ukiichanganya na anwani fomu haitapata faili lake.

---

Mswahili_wa_Columbus

Sasa hiyo ya mahakama. Mtu ana kesi ya hifadhi kwa jaji, amejaza AR-11 na ana uthibitisho. Bado kuna kitu?

---

Faili_la_Bluu

Kuna kitu, na ndicho kikubwa kuliko vyote kwenye uzi huu.

Mahakama za uhamiaji ziko chini ya Wizara ya Sheria, idara inayoitwa EOIR. USCIS wako Wizara ya Usalama wa Ndani. AR-11 haifiki kwa jaji. Mwenye kesi anajaza EOIR-33 ndani ya siku 5 za KAZI tangu ahame, na anabadilisha namba ya simu kwa fomu hiyo hiyo. Kama kesi iko rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, fomu ni EOIR-33/BIA na inakwenda kwenye Bodi, haipelekwi mahakama ya chini.

Namna ya kufanya: unaweza kujaza mtandaoni kupitia tovuti ya EOIR, au karatasi kwa posta, au kuipeleka mkononi dirishani. Kwa karatasi kuna sehemu ya kuthibitisha kwamba nakala umempelekea wakili wa serikali, yaani ofisi ya sheria ya ICE ya mji huo. Watu wanaisaini bila kupeleka hiyo nakala, au wanapeleka bila kusaini. Vyote viwili vinatakiwa. Ukipeleka mkononi, beba nakala ya ziada wakugongee muhuri wa tarehe, ubaki nayo. Kila mwanafamilia mwenye namba A kwenye kesi ana EOIR-33 yake.

Kwa nini nakazia. Hati ya kuitwa mahakamani, I-862, ina onyo kuhusu wajibu wa anwani. Ukishaipokea, notisi ya tarehe mpya ikitumwa kwa anwani ya mwisho uliyoitoa, sheria inahesabu umearifiwa. Hukuja, jaji anatoa amri ya kuondolewa nchini wewe ukiwa hujui lolote. Kuifungua kesi upya kuna dirisha la siku 180 kwa mwenye sababu za kipekee, kama ugonjwa mkubwa. Anayesema hakupata notisi anaweza kuomba wakati wowote, lakini hoja hiyo inakufa kama notisi ilikosa kumfika kwa sababu yeye ndiye hakutoa anwani. Juu ya hilo kuna kizuizi cha miaka 10 cha nafuu kadhaa, kubadilisha hadhi kuwa grinikadi ikiwamo.

Kesi inaweza kusogezwa mbele au nyuma bila wewe kuomba. Usingoje barua. Angalia mwenyewe kila wiki kwa namba A kwenye mfumo wa EOIR mtandaoni, au piga 1-800-898-7180, ni mashine, saa 24. Namba A yenye tarakimu 8 iongezee sifuri mbele ziwe 9.

---

Mswahili_wa_Columbus

Na akihama kutoka mji wa mahakama moja kwenda mji wa nyingine, EOIR-33 inahamisha kesi?

---

Faili_la_Bluu

Haihamishi. Inabadilisha anwani ya barua peke yake. Kesi ya Houston inabaki Houston hadi jaji akubali ombi la maandishi la kuhamisha mahakama, na jaji anaweza kukataa. Mpaka upate amri ya jaji mkononi, tarehe ya Houston iko palepale na lazima ufike au uwe umeruhusiwa kuhudhuria kwa video. Kuna watu wengi wameangukia hapa: wamejaza EOIR-33 ya anwani mpya, wakadhani kesi imewafuata, wakakaa kungoja barua ya mahakama ya karibu.

Kwa anayeomba hifadhi kwa USCIS (bado hajapelekwa kwa jaji) ni tofauti. Huyo AR-11 yake ikionyesha kahamia eneo la ofisi nyingine ya hifadhi, faili linahamishiwa huko.

Jambo jingine dogo lenye madhara: unaingiza namba A kwenye mfumo wa EOIR, inasema hakuna kesi. Inawezekana una I-862 mkononi lakini serikali bado haijaiwasilisha mahakamani. Katika hali hiyo mahakama haina faili la kupokea EOIR-33. Waarifu USCIS na ICE, endelea kuangalia kila wiki, na siku namba ikitokea tu ujaze EOIR-33.

---

Kaskazini_Magharibi

ICE ni dirisha la tatu, msisahau. Walioachiwa kwa masharti, wenye kuripoti, wenye programu ya simu ya kufuatiliwa: anwani yao inapelekwa kwa ICE moja kwa moja. ICE wana fomu ya mtandaoni ya kubadilisha anwani, na wenyewe wanasema wazi kwamba fomu hiyo haiondoi wajibu wa EOIR-33. Wengi wana masharti ya kumwarifu ofisa KABLA ya kuhama, hasa kuvuka jimbo. Soma karatasi ya masharti uliyosaini, imeandikwa humo.

Kwa hiyo mwomba hifadhi mwenye kesi kwa jaji, kadi ya kazi USCIS na kuripoti ICE anaarifu sehemu tatu: EOIR-33 siku 5 za kazi, AR-11 siku 10, ICE kulingana na masharti yake. Nne ukihesabu posta.

---

MwanafunziTX

Upande wa vyuo.

F-1 (mwenye viza ya mwanafunzi) anaarifu ofisa wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chake ndani ya siku 10. Chuo kina siku 21 kuingiza kwenye SEVIS. Ukifanya hivyo kwa wakati, kanuni inakuhesabu umetimiza wajibu wa AR-11. Anwani iwe ya unapolala, isipokuwa kama mahali hapo hapapokei barua. Anwani ya idara au ya ofisi ya chuo haifai.

Kinachowaponza ni OPT, ile ruhusa ya mwanafunzi kufanya kazi kwa muda katika fani yake. Anayeomba kadi ya kazi ana I-765 (ombi la kadi hiyo) kwa USCIS, na SEVIS haiisasishi I-765. Kadi za OPT zinakuja majira ya Mei hadi Julai, wakati uleule wanafunzi wanafukuzwa mabwenini na kuhamia kwa marafiki. Badilisha kwenye akaunti ya USCIS kwa namba ya risiti, halafu na chuoni. Aliyeko OPT tayari anabadilisha anwani mwenyewe kwenye lango la SEVP (tovuti ya serikali ya wanafunzi wa kigeni) au kupitia chuo. Aliyeko kwenye nyongeza ya OPT ya STEM (fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) ana kazi ya ziada: kila miezi 6 athibitishe anwani na mwajiri wake kwa chuo hata kama hakuna kilichobadilika.

J-1 (viza ya programu za kubadilishana) anamwarifu mdhamini wa programu yake, nayo ni siku 10.

H-1B hana chuo wala SEVIS, ni AR-11 mwenyewe, na ya mke na watoto wa H-4 kila mmoja yake. Mwajiri hakujazii. Ukihamisha na mahali pa kazi kwenda mji mwingine, mwambie mwajiri kabla, maana hapo kuna karatasi za kazi zinazotakiwa kufanyiwa marekebisho.

---

Mama_Kilindini

Nimesoma kote sijaona la mdhamini. Mume ni raia, alisaini I-864 (ahadi ya udhamini wa kifedha) kumleta mke kutoka Mombasa. Raia hana AR-11. Basi amepona?

---

Karani_wa_Jioni

Dada, hajapona. Mdhamini aliyesaini I-864 anajaza I-865 (fomu ya mdhamini ya kuarifu anwani) ndani ya siku 30 akihama, awe raia au mwenye grinikadi. Mdhamini mwenye grinikadi anajaza zote mbili, AR-11 ndani ya siku 10 na I-865 ndani ya 30. Faini ya I-865 ni kati ya dola 250 na 2,000, na inapanda kuwa 2,000 hadi 5,000 kama mdhamini alijua kwamba aliyemdhamini amepokea msaada wa serikali wa watu wa kipato cha chini.

Wajibu huu unaendelea maadamu udhamini uko hai. Udhamini unakwisha mdhaminiwa akiwa raia, akifikisha robo 40 za kazi (takriban miaka 10), akiacha makazi yake na kuondoka Marekani, au mmoja akifariki. Talaka HAIMALIZI udhamini. Waliotengana na kuhama kila mtu kivyake ndio hasa wanaosahau I-865.

Na raia mwenye ombi la mke au mzazi ambalo bado halijajibiwa (I-130) abadilishe anwani kwenye akaunti yake ya USCIS. Si kwa ajili ya kifungu cha 265, ni ili barua zimfikie.

---

Jirani_Mwema

Mimi naona mnawasukuma watu kujipeleka wenyewe. Kwa hali ya sasa asiye na karatasi akijaza anwani si anawaonyesha mlango?

---

Kaskazini_Magharibi

Swali halali, lakini utenganishe watu.

Aliye na kesi, ombi, kadi ya kazi au grinikadi, serikali tayari ina faili lake. Akificha anwani anachopoteza ni notisi, na amri ya kuondolewa bila kuwepo ni rahisi kutoa kuliko ile ya mtu anayehudhuria. Kwa huyo hesabu haina ugumu.

Asiye na faili lolote ni jambo jingine. Tangu 11 Aprili 2025 kuna kanuni ya usajili kupitia G-325R kwa wageni wa miaka 14 na zaidi waliokaa siku 30 au zaidi bila kusajiliwa kwa njia nyingine, na akishasajiliwa siku 10 za anwani zinamhusu. Wenye grinikadi, kadi ya kazi au I-94 ya kuingilia wanahesabika wamesajiliwa tayari. Asiye na chochote kati ya hivyo asijaze kwa kusoma uzi wala kwa ushauri wa kinyozi, aonane na wakili wa uhamiaji kwanza. Asiye na hela ya wakili atafute shirika lenye mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Hao wanaruhusiwa kisheria na ada zao ni ndogo. Wale wa "najaza fomu zote" kwenye maduka ya kutuma pesa hawaruhusiwi kutoa ushauri wa sheria.

Wenye maombi ya VAWA au viza za T na U, yaani waliodhulumiwa na wenzi wao au waliosafirishwa kinyume cha sheria au waathirika wa uhalifu, wana ulinzi wa siri wa faili na utaratibu wao wa anwani. Wasibadilishe kupitia akaunti ambayo mwenzi anaijua nywila yake. Wamuulize wakili anwani salama ya kutumia.

---

BintiTanga

Na aliyechelewa? Mtu amehama mara tatu kwa miaka minne, hajajaza hata moja.

---

Kalamu_Nyeusi

Ajaze leo, kwa anwani ya sasa. Hakuna faini inayolipwa dirishani na AR-11 haiulizi kwa nini umechelewa. Anwani mbili za katikati hana haja ya kuzijazia fomu za nyuma. Aandike anwani ya mwisho ambayo USCIS wanayo kama ya zamani, na ya sasa kama mpya. Asibuni tarehe. Ahifadhi mikataba ya pango na bili za umeme za nyumba zote tatu, zitamsaidia kwenye N-400.

Kama kwenye hizo nyumba alikuwa na kesi mahakamani, asianze na AR-11. Aangalie kwanza mfumo wa EOIR kama kuna amri iliyotolewa bila yeye. Ikiwapo, aende kwa wakili kabla ya kujaza chochote na kabla ya kusafiri.

---

dereva_tairi18

Mkuu na kadi yenyewe? Leseni inabadilishwa, grinikadi je?

---

Kalamu_Nyeusi

Grinikadi haina anwani juu yake, haibadilishwi. Usilipie I-90 kwa sababu ya kuhama.

Leseni ni ya jimbo na kila jimbo lina siku zake, California 10, Texas 30, kwa hiyo angalia la kwako. Kwa dereva wa biashara jimbo la leseni lazima liwe jimbo la makazi, usilicheleweshe. Kodi ni IRS, fomu 8822, au andika anwani mpya kwenye ritani inayofuata. Hakuna kati ya hizo inayofika USCIS.

---

Nyarugusu_Louisville

Asante sana kaka. Familia ina baba, mama na watoto sita, wawili wamezaliwa hapa. Fomu ni nane?

---

Karani_wa_Jioni

Sita. Waliozaliwa hapa ni raia, hawana AR-11. Mfungulie kila mmoja wa wale sita faili lake la karatasi za uthibitisho, jina na namba A juu ya bahasha, maana mkihama tena mwakani mtatakiwa kuandika anwani ya Louisville kama ile ya zamani, herufi kwa herufi.